Wakorea Wangu wa Makambako

Sijui Kikorea hata neno moja. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani amenikamata. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mfasiri wa muvi za Kikorea katika kibanda umiza kimoja pale Makambako, karibu na maegesho ya malori. Kila alasiri watu walilipa kiingilio, wakabanana kwenye mabenchi, wakanisikiliza nikiwasemea watu ambao mimi mwenyewe sikujua wanasema nini. Nilikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi na koti zito mwilini, maana kuta zilikuwa za mabanzi na upepo wa Makambako hauna hodi. Mkorea akifumbua mdomo, nami nafumbua. Naangalia macho yake, naangalia nani amemwinamia nani, halafu nasema kinachostahili kusemwa. Mara nyingi nilipatia. Nisipopatia, muvi ilikuwa tamu zaidi.

Wateja wangu, madereva, wapakiaji na watu wa mbao, walipenda muvi za kisasi, hasa zile za kamari. Chini ya hoteli kuna chumba, ndani ya chumba kuna meza, na mezani wanaume wa suti wanacheza mchezo wa ubao huku wamewekeana nyumba na mashamba. Mtu anadhulumiwa, anapotea, anajifunza mchezo, anarudi. Walizipenda kwa sababu mambo yale waliyajua. Nyuma ya kibanda chetu kulikuwa na benchi la drafti, na haikuwa drafti ya kupitisha muda. Watu waliwekeana simu, baiskeli, magunia ya viazi. Mgambo akionekana barabarani, dau linafunikwa koti na wote wanageuka wazee wanaopumzika. Mwenye kibanda alikuwa na fungu lake katika kila dau.

Mimi sikukaribishwa kwenye benchi lile, na sikuwahi kuomba. Lakini drafti naijua. Nilifundishwa na mama yangu, kwetu Njombe. Aliuza mboga mkabala na kijiwe cha wanaume, akausoma mchezo kwa macho tu, miaka na miaka, bila mtu kumwambia karibu mama. Nyumbani alichora ubao kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko. Maharage yalikuwa kete zangu, punje za mahindi zake. Alinifunga bila huruma mpaka nikajua kucheza, na siku nilipomfunga mara ya kwanza alinuna hadi chakula cha jioni.

Sasa, kulikuwa na muvi ya binti muosha vyombo. Baba yake alinyang'anywa nyumba kwenye kamari, naye akaomba kazi ya kuosha vyombo palepale wanapochezea, ili awafikie wale watu. Ubao wao ulijaa kete nyeupe na nyeusi, ndogondogo. Mimi niliitafsiri kama drafti. Amesogeza. Amekula mbili. Amepata kingi, jamani, amepata kingi! Ukumbi ulikuwa unapiga makofi.

Ndipo aliposimama dalali mmoja wa mbao, mtu wa makamo asiyevua kofia, bingwa wa benchi la nyuma.

"Simamisheni hiyo kitu," alisema. "Dada, tangu tumeanza hakuna kete iliyotembea hapo. Wanaweka tu. Wewe unatuambia amesogeza, amekula, kingi. Kingi yuko wapi?"

Niliangalia. Alikuwa sahihi. Kete zao zikishawekwa hazihami. Mimi nilikuwa nimeuvika mchezo wa watu drafti yetu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

"Ni mchezo wa kwao, mzee," nilisema.

"Basi hujui wa kwao wala wa kwetu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kikorea unaweza kuninyima, sina cha kujitetea. Drafti hapana.

"Wa kwetu naujua," nilimjibu.

"Njoo nyuma, basi."

Nilitoka nikidhani tunagombania heshima. Nilipofika kwenye benchi nikamkuta mwenye kibanda ameshakaa, na pembeni yake mpwa wa dalali, kijana mkubwa wa shati la kunyooshwa, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akizunguka pale akiuliza kazi yangu inafanywaje. Mwenye kibanda akanieleza huku anatabasamu. Nikishinda, dalali anatoa mbao za kupanua ukumbi. Nikifungwa, mpwa anashika kipaza sauti. Walikuwa wamekwisha kupeana mikono.

"Nani kaweka kazi yangu hapo?" niliuliza.

"Dada, usilete maneno. Cheza."

Nikasema kwa sauti, waliosimama wote wasikie: "Nacheza drafti. Hilo dau lenu silijui." Wakacheka, wakidhani natafuta pa kukimbilia. Ningeweza kuondoka pale pale. Nilikaa kwa sababu nilitaka kumfunga yule mzee, nilitaka vibaya sana.

Nilicheza vizuri. Nilipata kingi kabla yake, na waliokuwa wakinong'ona wakasogea karibu na ubao. Halafu dalali akasukuma kete moja mbele yangu, peke yake, haina ulinzi. Kwenye drafti yetu kula ni lazima. Niliona kabisa kingi wangu atatua wapi baada ya kula, na nilijua kitakachofuata, lakini sikuwa na njia nyingine. Nilikula. Akala tatu kwa mkupuo, kingi akiwemo. Baada ya hapo ulikuwa ni msiba tu. Alinifunga, na sitapamba.

Alinipa mkono. "Unacheza, dada. Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akaingia ndani kumwona mpwa wake akianza kazi.

Nami nikaingia. Kijana alikuwa kwenye kiti changu, kipaza sauti kimeshikwa kwa mikono miwili. Mwenye kibanda akanizuia mlangoni. "Dada, umefungwa."

"Drafti nimefungwa, ndiyo. Kazi yangu sikuiweka mezani. Mliiweka ninyi, basi lipaneni ninyi."

Nikampita. Muvi ilikuwa imewashwa tena, imefika pale ambapo muosha vyombo anavua aproni na kukaa mbele ya mtu aliyemtapeli baba yake. Kijana akaanza: "Eee... hapa anasema... amekasirika." Kimya. "Bado amekasirika."

Nikasimama kando ya televisheni, bila kipaza sauti, nikasema kwa koo langu: "Ulimchezea baba yangu akiwa amelewa. Mimi leo nimekunywa chai tu." Nikaendelea. Nilisema ameweka kete, sikusema amesogeza. Mwenye kibanda akapandisha sauti ya televisheni mpaka spika ikakwaruza. Nami nikapandisha yangu. Nilipiga kelele hadi machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya kufungwa, kwa sababu ilikuwa inaniuma bado, na inaniuma hata leo.

Kutoka benchi la katikati mpakiaji mmoja akasema, "Punguza hao Wakorea! Tunamsikiliza dada." Mwingine akadakia. Kisha wakawa ukumbi mzima, wanapiga miguu chini. Dalali alikaa na kofia yake, hakunitetea wala hakunipinga. Mwenye kibanda alisimama na rimoti, akamwangalia dalali, akawaangalia waliolipa kiingilio, akapunguza.

Kesho yake sikwenda kumuuliza kama bado nina kazi. Nilifika saa yangu ya kila siku, nikamkuta kijana amekaa, nikamwambia ainuke. Akainuka.