Lebo Mbili, Printa Moja

Mama yangu mdogo ni mwoga, na hili nalisema kwa heshima zote. Asubuhi akishafunga mlango husimama, hurudi, husukuma kitasa. Akifika barabarani hukumbuka pasi, hurudi tena. Baba mdogo, ambaye ni fundi cherehani na cherehani yake iko barazani, hainui hata macho kwenye kitambaa.

"Umesahau kuangalia kama nyumba bado ipo," humwambia.

"Cheka tu, baba watoto. Ikiungua utacheka umekaa wapi?"

Kazini wanamwita Mama Nyaya. Ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, na chumba chake kiko chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainame. Kompyuta za hospitali zilipozeeka na wauzaji wakadai leseni mpya, yeye ndiye aliyeziokoa zisitupwe. Aliziwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuutengeneza bila kumlipa mtu. Zikafufuka. Katibu wa hospitali hakupendezwa. "Kitu cha bure hiki kitakuja kutuumbua, Mama Nyaya," alimwambia mbele ya kikao kizima. Mimi nikisikia mtu mzima na tai yake akidharau kazi ya mikono ya maelfu ya watu kwa sababu tu hakuna tajiri aliyeiuza, damu hunichemka. Yeye haikumchemka. Alirudi chini ya ngazi akakagua kila mashine upya, kwa hofu.

Siku ninayoisimulia ilianza kwa printa kufa.

Katika chumba cha damu cha maabara kuna meza mbili. Ya dirishani ni ya kaka mmoja mrefu anayeitwa Twiga, na ya mlangoni ni ya binti waliyembandika jina la Umeme kwa wepesi wake. Kila meza ilikuwa na printa yake ndogo ya lebo. Kichupa cha sampuli kikifika kutoka wodini huwa kina jina la mgonjwa kwa mwandiko wa muuguzi. Mpimaji huingiza jina hilo kwenye kompyuta, hubonyeza, lebo hutoka ikiwa na jina na namba, naye huibandika juu ya mwandiko ule. Tangu hapo kichupa kinajulikana kwa lebo yake, na damu atakayopewa mgonjwa hufuata lebo hiyo.

Printa ya Umeme ndiyo iliyokufa. Mama mdogo akaamua printa ya Twiga itumike na wote wawili. Akaiweka kwenye rafu katikati ya meza, waya wake ukabaki kwenye kompyuta ya Twiga. Akairuhusu kompyuta hiyo ipokee kazi za wengine, kisha akaenda kwa Umeme akaiongeza printa kwa njia ya mtandao. Ilijitokeza yenyewe kwenye skrini, kama mgeni aliyekuwa nyuma ya mlango akingoja kukaribishwa.

"Haya Twiga, bonyeza." Lebo ikatoka.

"Umeme, na wewe." Lebo ikatoka.

"Mama Nyaya, wewe ni mchawi," alisema Umeme. "Sema tu unatumia dawa gani."

Hata yeye alicheka. Alirudia jaribio, meza moja, halafu nyingine. Kila mara ilitoka. Akawaachia, akaondoka.

Mchana alipita duka la kopi nje ya geti, kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti yake, kwa ajili ya shule. Kijumba kilijaa watu, mashine zinanguruma, kijana wa dukani anagawa karatasi huku na huku. Mama mdogo akapokea yake, akaigeuza. Ilikuwa kopi ya kitambulisho cha mwanaume mwenye ndevu.

"Mwanangu, hii si yangu."

"Ala! Samahani mama. Nilidhani umenyoa."

Watu wakaangua kicheko, na mwenye ndevu mwenyewe akapunga mkono kutoka kwenye kona. Mama mdogo hakucheka. Alibaki ameishika kopi ile, akiikumbuka printa ya rafuni. Alikuwa amejaribu meza ya kwanza, akajaribu meza ya pili. Hakuwahi kuwaambia wabonyeze pamoja.

Alikiacha cheti cha binti yake juu ya mashine, akakimbia.

Mlangoni mwa maabara alisimama. Hapa ndipo hofu mbili zilipokutana, na hakunificha. Angeweza kuingia kimya kimya, kurekebisha, na kunyamaza. Akisema, katibu angepata alichokuwa akikingoja, na kompyuta zote alizozihangaikia zingerudi mikononi mwa wauza leseni. Alikuwa bado ameshika kitasa alipomsikia Umeme ndani akiimba huku akibonyeza. Akaingia.

"Mkichukua lebo, mnasoma jina?"

Umeme akamshangaa. "Nisome nini tena, mama? Nimebonyeza, imetoka, nimebandika. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Na kama Twiga kabonyeza kabla yako?"

Twiga alikiweka chini kichupa alichokuwa ameshika. Akakiweka polepole mno.

"Tusimame," mama mdogo akasema. "Tubandue zote za leo. Majina ya wauguzi yako chini."

Wakabandua kwa kucha. Ya kwanza ilikuwa sawa, na iliyofuata. Gundi ilikuwa inang'ang'ania, wino wa wauguzi mwingine umefifia, ikabidi wavielekeze vichupa dirishani ili wasome. Umeme alikuwa ameacha kuimba. Walikuwa karibu kuvimaliza Twiga alipobandua lebo ya mwanaume wa wodi ya upasuaji na chini yake wakakuta jina la mwanamke wa wodi ya wazazi.

Umeme akakitafuta kichupa cha pili, akabandua. Mwandiko wa chini ulikuwa wa yule mwanaume.

"Damu ya huyu mama imeshatoka?" aliuliza mama mdogo.

"Imekwenda," Umeme akajibu. "Muda mrefu. Ya yule baba bado iko hapa."

Twiga akapiga simu wodini. Ikaita, ikaita. Mama mdogo hakungoja.

Wodini mfuko ulikuwa umetundikwa na nusu yake ilikuwa imeshaingia. Mgonjwa, mwanamke kijana aliyejifungua asubuhi na kupoteza damu nyingi, alikuwa amelala macho wazi. Kwenye benchi kando yake mama yake mzazi alikuwa amempakata mtoto.

"Mama Nyaya, kompyuta yetu leo haisumbui," muuguzi akamwambia.

"Funga hiyo damu."

"Nani kaagiza?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe ni wa nyaya!"

"Dada yangu, nakuomba. Funga, halafu unitukane."

Kuna kitu muuguzi alikiona usoni mwake. Akafunga. Mama mdogo akamnong'oneza, na muuguzi akachukua sindano. Akamchoma mgonjwa mkononi, akaukosa mshipa, akamchoma tena, akajaza kichupa kipya. Msaidizi akakikimbiza maabara.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Damu isiyopatana na ya kwako ikiingia mwilini, mwili huishambulia, na muuguzi alijua dalili zote.

"Unasikia baridi, mama?"

"Hapana."

"Mgongo? Kifua kinabana?"

"Nasikia njaa," mgonjwa akasema. "Hamna chochote cha kula?"

Muuguzi akacheka kwa sauti ya ajabu, nusu kilio. Mama mdogo aliendelea kuutazama mfuko. Matone yalikuwa yamesimama kwenye mrija, naye alikuwa akiyatazama kana kwamba akiyaondolea macho yataanza tena kushuka.

Hatimaye Twiga akaja mwenyewe, anahema, ameinama kupita mlangoni.

"Kundi moja," akasema. "Wote wawili, yule baba na huyu mama. Nimerudia. Damu ya mfuko nimeilinganisha na damu yake mwenyewe, inakubali."

Muuguzi akafungua. Matone yakashuka.

Katibu alifika akiwa amepata habari nusu. "Kwa hiyo hakuna kilichotokea," alisema ukumbini, akitafuta nafuu.

"Kimetokea, mheshimiwa. Damu imeingia kwa jina la mtu mwingine. Kama makundi yangetofautiana, sasa hivi tungekuwa tunaita ndugu zake."

"Nilisema mimi. Vitu vya bure."

"Programu ilipanga foleni kama ilivyotakiwa, wa kwanza akatoka wa kwanza. Hata ungeinunua kwa dhahabu ingefanya vilevile. Mimi ndiye niliyeunganisha meza mbili bila kuuliza mikono ya watu inafanyaje kazi. Meza ya Umeme nimeifunga. Haifunguki mpaka iwe na printa yake."

"Kazi itachelewa!"

"Ichelewe."

Natamani kila kiongozi wa nchi hii na nyingine angelisikia neno hilo moja likisemwa na mtu mwoga.

Mama mdogo alipogeuka aondoke, mama wa mgonjwa alikuwa akimwita. "Daktari! Njoo nikushukuru. Nimeona ulivyokuja mbio kwa ajili ya mwanangu."

Angeweza kuitikia na kupita. Alirudi, akasimama mbele ya benchi, akamwambia kwamba yeye si daktari. Akamweleza habari ya printa, lebo mbili, na vichupa vilivyobadilishana majina, na kwamba aliyeiunganisha printa hivyo ni yeye. Hakuongeza kwamba hakukusudia.

Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama binti yake, akautazama mfuko. Akamvuta mtoto karibu na kifua, kisha akasogea kidogo kwenye benchi. Mama mdogo hajui hadi leo kama alikuwa akimpisha au akimkimbia. Akakaa.