Jina la Nabih katika Toleo la Mwisho

Nilidhani Samiha Zughaib alikuwa akitimiza matakwa ya mama yake. Ndivyo nilivyomweleza kila aliyeniuliza, tena kwa uhakika ambao leo sina.

Tulifanya kazi pamoja Al-Mirfa, gazeti la kila siku lililoanzishwa hapa Beirut, kabla ya uhuru, na babu wa tajiri wetu. Miaka ya vita lilichapwa chini ya ardhi, mitambo ikishindana kelele na mizinga, wala halikukosa kutoka. Amani ndiyo iliyoliua. Matangazo ya biashara yalihama, wasomaji wakahamia kwenye simu, yakabaki matangazo ya vifo, na hayo yalikuwa kazi ya Samiha. Aliwapanga wafiwa kwa desturi yetu, mjane kwanza, kisha wana, kisha mabinti. Na mtoto aliyetangulia kufa aliwekewa neno "marehemu" mbele ya jina lake.

Kaka yake, Nabih, alichukuliwa na wanamgambo kwenye kizuizi cha barabarani vita vilipokuwa bado vichanga. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nabih, alifariki tukiwa tunatayarisha toleo la mwisho. Samiha aliandika tangazo mwenyewe. Mhariri wetu, Ghassan, alilisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Bi Samiha, hapa kwa Nabih umesahau neno."

"Sijasahau, Ustadhi."

"Miaka yote hii? Watu watasemaje?"

"Waseme. Kwani wewe ulimzika?"

"Mimi? Mungu apishie mbali."

"Basi niletee aliyemzika, nitaliandika hata mara mbili."

Ghassan alinigeukia. "Msomi, mwambie kitu basi."

"Mama yao hakukubali kamwe," nilijibu. "Mwache."

Samiha hakunitazama.

Kesho yake tuliketi katika ukumbi wa kanisa, tukinywa kahawa isiyo na sukari. Mzee Mitri, fundi viatu aliyesoma na Nabih, aliingia akihema, gazeti mkononi, akawapita wafiwa wote bila kuwapa mkono.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mzee Mitri?" Samiha aliuliza.

"Nabih, nani mwingine? Nimemsoma humu, mzima kabisa. Karudi lini huyu, na mkanificha? Nimepanda ngazi zote hizi nije nimtukane."

Wanawake waliacha kulia. Samiha alimshika mkono, akamketisha.

"Hajarudi."

"Sasa gazeti linadanganya?"

Gazeti letu lilikuwa na desturi ya kusahihisha kosa la leo katika ukurasa uleule kesho yake. Safari hii hapakuwa na toleo la kesho. Mitri alilikunja, akaliweka chini ya kiti, akamlilia Nabih kana kwamba amefariki asubuhi ile.

Miezi kadhaa baadaye, binamu yake Samiha aliniambia kwamba Mama Nabih ndiye aliyekuwa akiomba, kila Kwaresima, mwanawe atangazwe kuwa amekufa ili apate kusomewa sala. Samiha alimjibu kila mara kwamba ukurasa umejaa.