Samli Kwenye Pedali

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Bugomora aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Kayanga akiwa na kiroba begani. Mimi natengeneza kompyuta, simu, redio, na mambo yakiwa magumu hata pasi. Akatoa kitu ambacho sikuwa nimekishika tangu nikiwa darasa la sita: pedali mbili za ndege. Si za ndege ya kweli, ni zile za kuchomeka kwenye kompyuta kwa ajili ya mchezo wa kurusha ndege, unazikanyaga kwa miguu kugeuza usukani wa mkia. "Dada, zinanisumbua," akasema. "Ya kushoto inagoma, ukiilazimisha inaruka." Nilizifungua palepale mbele yake. Ndani kulikuwa na vumbi na grisi iliyokauka. Nikafuta reli, nikapaka grisi mpya kidogo, nikazijaribu, zikateleza. Dakika kumi tu. Alipoondoka nilirudishia mlango nikakaa kwenye ndoo, maana nilijionea aibu mimi mwenyewe.

Wewe tumejuana siku nyingi, ngoja nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu akaniamini.

Nililelewa na bibi mzaa mama kule Nyakakika. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Asubuhi niliamshwa na sauti ya maziwa yakisukwa kwenye kibuyu, bibi amekaa mkekani akikisukuma na kukivuta huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyambo. Siagi ikitoka aliichemsha ikawa samli, na kwake samli ilikuwa na kazi zote duniani. Mdomo ukipasuka, samli. Mtoto ana mafua, samli kifuani. Bawaba ya mlango ikilia, mnyororo wa baiskeli ukikwaruza, samli. "Kinacholia kina njaa," alikuwa akisema, "kilishe." Mimi nilikuwa naipenda kwenye ndizi za moto, kazi nyingine zote za samli nilizichukia. Shuleni nilinuka. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kufungua dirisha nilipokwenda ubaoni, darasa likacheka, na tangu siku hiyo nikawa nanawa kwa majani ya mlimao kabla ya kwenda popote.

Popote hasa palikuwa kwa jirani. Huyu alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu, mtu wa familia ya kahawa na migomba, aliyerudi kwenye kibanja cha baba yake, shamba la nyumbani, baada ya kiharusi kumpooza upande wa kushoto. Mkono ule haukurudi. Mguu ulikuwa unarudi polepole, na daktari alimwambia asiuache ulale. Binti yake aliyekuwa Mwanza akamletea kompyuta, usukani na zile pedali, ili mazoezi yasimchoshe. Bibi alinituma kumpelekea maziwa kila asubuhi ya likizo. Nilipiga magoti mlangoni, "Shikamoo, babu," akaitikia, akanisogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna kama vile mimi ni mgeni mkubwa. Halafu tunaruka.

Tulikuwa tunatoka Bukoba kwenda Mwanza, juu ya ziwa, yeye miguu, mimi mikono. Alinifundisha upepo wa ubavuni, alinifundisha kutazama mbali na si puani mwa ndege. Alinifundisha pia kanuni ya karakana aliyofanyia kazi maisha yake yote: aliyeangalia ndiye anayetia sahihi. Ukisema umeona skrubu imekazwa, watu wataipanda ndege hiyo na watoto wao, kwa hiyo usiseme ambacho hujaona na usifiche ulichoona. Mimi nilikuwa naitikia, "Ndiyo, babu." Kila wiki aliikanyaga ile pedali ya kushoto kwa mguu mgonjwa mpaka chini na kunionyesha kidole gumba cha mkono mzima. Aliniambia Krismasi atatembea mwenyewe mpaka kanisani, bila fimbo.

Basi pedali ya kushoto ikaanza kulia. Kasauti kadogo tu. Nami nikataka kumfurahisha. Alipokwenda msalani, nikatoa samli niliyokuwa nimeifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, nikaisukumiza ndani ya reli kwa kidole mpaka ikajaa. Sauti ikaisha. Siku ile tulitua Mwanza laini kabisa. Sikumwambia. Ningesemaje? Ningesema mimi ndiye yule mtoto wa samli.

Unaujua ubaridi wa Karagwe wa alfajiri, unajua na jinsi samli inavyoganda kwenye kopo. Asubuhi iliyofuata akakanyaga kushoto, haikwenda. Akaongeza nguvu, ikaruka ghafla mpaka mwisho. Akaachia, haikurudi katikati. Ndege ikaacha njia ikaingia ziwani. Tukacheka. Kesho yake tena, na keshokutwa tukaacha kucheka. Alianza kutafuta kosa kifundi, hatua kwa hatua. Nichomoe waya, nichomeke kwenye tundu jingine. Tuizime kompyuta, tuiwashe. Tufungue ule ukurasa wenye mistari inayofuata miguu, tusawazishe upya. Mistari ikaonyesha kilekile, kushoto kunagoma. Ajabu yake, saa nane mchana, jua likishapiga dirisha, pedali zilikwenda vizuri. "Unaona," akasema taratibu, "mguu ukipata joto unafunguka." Nilisikia neno hilo, nikainama kukusanya waya.

Mwishowe akasema tufungue. Yeye hakuweza kuinama wala kushika bisibisi kwa mkono mmoja, akaniambia nilale sakafuni niwe macho yake. Nilitoa skrubu nne. Samli ilikuwa pale, ya njano, imekamata vumbi na siafu wawili. Ilinuka. Nilisikia ile harufu na nikaliona darasa zima likicheka.

"Kuna nini?" akauliza.

"Ni safi tu, babu."

"Umeangalia reli zote mbili?"

"Zote."

Akaniambia nirudishe kifuniko kisha nikae kitini, nikanyage mimi. Nilikaza meno nikasukuma kwa uzito wangu wote, huku uso nimeulegeza nionekane kama sifanyi kazi. Ikaenda. "Kwako inakwenda," akasema, wala hakusema kwa hasira. Aliutazama mguu wake jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyemwangusha. Halafu akaniomba nizime kompyuta na niziweke pedali uvunguni mwa kitanda.

Nilidhani ni za kupumzishwa. Likizo ikaisha, ikaja nyingine, zikawa bado uvunguni. Jirani alikaa barazani na blanketi magotini. Mazoezi aliyaacha yote, akisema mguu ameshaupima na majibu ameyapata. Siku moja alipolala nilizivuta zile pedali, nikazifungua, nikazisugua kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Hilo nalo nililifanya kwa siri. Hata toba nilikuwa naifanya kwa kuibia.

Krismasi hakwenda kanisani. Nilimpelekea maziwa, nikapiga magoti, na badala ya kusimama nikabaki hapohapo. Nikamwambia. Babu, ni samli, niliipaka mimi, na nilipofungua niliiona nikakudanganya, mguu wako hauna kosa. Nilisema yote bila kupumua.

Akatabasamu. "Nani kakufundisha kusema hivyo? Bibi yako?"

"Hapana, babu. Ni kweli."

"Haya, zilete."

Nikazileta, nikazifungua. Akainamisha shingo akatazama reli zinazong'aa, akapitisha kidole, akakinusa. Hakukuwa na kitu zaidi ya mafuta ya taa. "Uliniambia ni safi," akasema, "na ni safi." Nikamsihi akanyage. Nikauinua mguu wake kwa mikono yangu, ulikuwa umekonda, nikauweka kwenye pedali. Alijaribu. Niliuona mshipa wa shingo ukisimama. Pedali haikusogea, nayo sasa haikuwa na kizuizi chochote. Miezi yote ile ya blanketi ilikuwa imeimaliza kazi ambayo uongo wangu uliianza.

"Waitu, mtoto wetu, usilie," akaniambia, akiniwekea mkono mzima kichwani. "Una moyo mzuri. Wengine hudanganya wapate, wewe unadanganya kunipunguzia uchungu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya mwongo asiyependwa. Jirani alimsimulia bibi yangu, bibi akasimulia kanisani, nikawa mtoto wa mfano. Mwaka uliofuata jirani alifariki. Msibani, watu wamejaa kibanjani mpaka kwenye mibuni, binti yake akasimama kushukuru majirani, akasema yupo mtoto aliyempenda baba yake hata akataka kujitwisha kosa la mguu wake. Akaniomba nisimame wanione. Bibi alikuwa amekaa kando yangu, kanga mpya, ananuka samli na moshi, machozi ya furaha yanamtoka. Akanisukuma kidogo mgongoni.

Kile kibanja sasa wamekigawana watu nisiowajua, nyumba imebomolewa, na ng'ombe wa bibi waliuzwa bibi alipomfuata jirani yake. Ninaukumbuka utamu wa ile kahawa ya kutafuna, ninaikumbuka sauti ya kibuyu asubuhi, lakini siwezi kukumbuka lolote la nyumba zile mbili bila kufika pale msibani. Wote niliowakosea wamekwenda, na wamekwenda wakinisifu.

Nilisimama, rafiki yangu. Nilisimama, wakanipigia makofi, nami nikashukuru.