Tabisa Alisema, "Mwaga"

Katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hakuna mtu anayenunua gunia la maharagwe kwa kuangalia mdomo wake. Unamwambia muuzaji, "Mwaga." Anatandika turubai, anamwaga gunia lote, na wewe unaona kama chini kuna mawe au maharagwe ya mwaka juzi. Muuzaji hakasiriki. Akikasirika, watu wote wanajua kuna kitu chini, na gunia hilo atarudi nalo nyumbani. Wakongo wanafanya hivyo, sisi Wakonzo tunafanya hivyo, na hata mtoto anayetumwa debe moja anajua kusema neno hilo.

Tabisa Kabugho alikulia kwenye turubai. Mama yake alikuwa akitoa maharagwe Munkunyu na kuyauza Mpondwe kila Jumanne na Ijumaa, na Tabisa alikuwa anayazoa baada ya kumwagwa. Naandika habari yake kwa sababu watu husema ni mwanamke mgumu. Mimi nimempikia chakula cha mchana miaka tisa. Si mgumu. Ni mtu anayetaka kuona chini.

Tunafanya kazi katika ofisi ya chama cha mawakala wa forodha, hapa Bwera, kando ya soko la Mpondwe. Mawakala ndio wanaoshughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka. Kila karatasi inapigwa picha, na picha zinawekwa ndani ya mashine kwenye chumba cha nyuma, ambacho ufunguo wake anao Tabisa. Si za chama peke yake. Ofisi sita za hapa na za Kasese, pamoja na kinu kimoja cha kahawa cha Rukoki, zinaweka kumbukumbu zao kwetu. Karatasi ya lori ikipotea mle, lori hilo linalala mpakani mpaka mwenyewe anaanza kuzeeka. Mimi naingia chumbani humo kufuta vumbi tu, na lazima nivue viatu.

Mashine ya zamani ilikuwa na diski za kuzunguka. Ilikuwa inalia kama kinu cha kusagia mihogo. Siku za kawaida ilivumilia, lakini siku ya soko, mawakala wote wakifungua karatasi kwa wakati mmoja, ilichoka kabisa. Malori yalijipanga mpaka kwenye daraja la mpakani. Siku hizo ungemsikia Kakule, mfanyabiashara wa Butembo, upande wa Kongo, anayenunua samaki wa Katwe, akipiga kelele dirishani:

"Mama Tabisa! Barafu iko naisha! Samaki yangu inaanza kuogelea!"

"Waambie wakungoje, Papa Kakule," Tabisa alimjibu. "Na mimi naogelea hapa."

Wakubwa wa chama wakakubali kununua mashine mpya. Tabisa alikaa miezi mitatu na daftari, anapiga simu, anasoma, anauliza. Mwenyekiti wetu, Mzee Ezironi, alitaka mashine kubwa iliyotumika tayari, ya diski hizo hizo za kuzunguka, kwa sababu ni ya bei ndogo. Tabisa alimwambia mzee, kwa heshima, kwamba kununua diski zilizozunguka kwa watu wengine miaka mitano ni kama kununua viatu vya marehemu. Mjumbe mmoja akaleta karatasi ya mashine kubwa ya flashi, zile diski zisizozunguka, kama ile ya benki kubwa. Hiyo nayo akaikataa. "Tutanunua lori la kubebea kikapu?"

Aliyoichagua yeye ilikuwa ndogo, ile ya kuanzia, lakini ndani yake flashi tupu, hakuna kinachozunguka. Ina vichwa viwili, kimoja kikifa kingine kinaendelea na kazi. Inakula umeme kidogo, jambo kubwa kwetu tunaoishi na jenereta. Na ina nafasi wazi za kuongeza flashi baadaye, kama nyumba ambayo umejenga vyumba viwili na kuacha msingi wa vingine. Alibishana nao mikutano mitatu mpaka wakakubali. Kwa hiyo mtu asiseme Tabisa aliichukia ile mashine. Ndiye aliyeipigania.

Ilifika Jumatatu kutoka Kampala. Aliyeileta ni kijana wa kampuni ya huko, Bright, mwenye maneno matamu na viatu vyeupe sana kwa vumbi letu. Jumanne asubuhi akawakusanya Mzee Ezironi na wajumbe chumbani, wote na viatu vyao miguuni, mashine ikiwa imewashwa. Nilikuwa nimeleta chai, nikabaki mlangoni na sinia.

Bright alieleza kwamba mashine hizi zinapimwa kwa terabaiti, kama maharagwe yanavyopimwa kwa debe. "Humu mna kumi na tano. Lakini inabana vitu, wazee wangu. Inabana nne kwa moja. Kwa hiyo mmepata sitini!"

Wajumbe wakapiga makofi. Kumbukumbu zetu zote zilikuwa thelathini na nane. Sitini ingetutosha tukabakisha. Akaingiza faili lake kuonyesha, na kweli kwenye kioo tuliona: vilivyokuwa vinne vimekaa kama kimoja. Makofi tena. Kisha akaweka mezani karatasi ya kupokea mashine. Mahali pa sahihi palikuwa na jina la Tabisa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye chumba.

Tabisa hakushika kalamu. "Ndugu Bright, faili hilo lina nini ndani?"

"Ni la majaribio tu, madam."

"Lifungue."

Akalifungua. Tabisa alisogea karibu, akapitisha kurasa. Ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa mia. Zote zilikuwa ukurasa mmoja.

"Hii ni karatasi moja umeiandika mara elfu," alisema. "Hata mimi nitaibana. Nitaweka moja na kuandika, zilizobaki ziko hivi hivi."

Bright alicheka. "Madam, ndivyo tunavyoonyesha kila mahali."

"Hapa ni Mpondwe. Weka karatasi zetu. Mwaga."

Mzee Ezironi alikohoa. Lazima nimtendee haki: ni mtu mwema, analipia watoto wa wenzake shule. Lakini alikuwa amealika watu wa wilaya, na padri wa kubariki mashine, siku ya Ijumaa. Hema lilikuwa limefika tayari uani. Na aliona haya mbele ya mgeni.

"Tabisa, binti yangu, usituaibishe. Mgeni ametoka Kampala. Weka sahihi."

"Mzee, nikiweka sahihi, nimesema sitini nimeziona. Sijaziona."

"Kampuni imeandika sitini. Unajua kuliko kampuni?"

"Kampuni haijui karatasi zetu. Mzee, nipe leo tu mpaka saa kumi."

"Hakuna leo!" Mzee alipiga meza, na vikombe vyangu vikaruka. "Chagua. Utoe sahihi, ama utoe ufunguo wa chumba hiki na uende nyumbani Munkunyu ukapalilie."

Sote tulijua ufunguo ule ni mkate wake. Anasomesha wadogo zake wawili, na mama yake hatembei tena. Nilianza Salamu Maria moyoni. Tabisa alitoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, ukanaswa kidogo na rozari, akautenganisha polepole, akauweka mezani juu ya karatasi ya Bright.

"Ufunguo huu hapa, mzee wangu. Kupalilia najua. Sahihi, hapana."

Mungu anisamehe, mimi si mtu wa kusema mbele ya wakubwa. Niliishia darasa la saba. Lakini maneno yalinitoka na sinia mkononi.

"Mzee, samahani. Naomba kuuliza habari za jikoni."

"Mama Alisi, hata wewe?"

"Sombe, mzee. Nikileta gunia la majani ya mihogo, nikitwanga na kupika, linaingia sufuria moja. Linabana. Lakini maharagwe, debe ni debe, hata uyapike mpaka jioni. Kijana atuambie, karatasi zetu ni sombe au ni maharagwe?"

Mjumbe mmoja alicheka. Bright hakucheka. Alimtazama Tabisa, na Tabisa akamjibu badala yangu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Karatasi zetu ni picha, Mama Alisi. Picha imeshabanwa siku ilipopigwa. Nafikiri ni maharagwe. Lakini mimi sitaki kufikiri. Nataka kuona."

Sasa, dirisha lilikuwa wazi, na ilikuwa siku ya soko. Kakule alikuwa nje na wenzake, wanangojea karatasi, na walikuwa wamesikia kila neno. Akaingiza kichwa.

"Muzee Ezironi! Karatasi ya nani iko mule ndani? Si yangu?"

"Papa Kakule, haya ni mambo ya ofisi."

"Ofisi iko na karatasi yangu ya miaka kumi! Huyu mutoto wa Kampala analeta gunia, mama anasema mwaga, yeye anakataa. Mimi mutu wa soko, nitafikiri nini?" Akageuka kwa wenzake. "Tutafikiri nini, ba ndugu?"

"Iko mawe chini!" mmoja akajibu, na wote wakacheka.

"Mwaga!" akasema mwingine.

"Mwaga! Mwaga!" Wabeba mizigo nao wakaingia, wanawake wa nyanya wakaingia, hata hawakujua ni gunia la nani. Pale Mpondwe neno hilo likianza, mtu hawezi kusimama upande wa kutomwaga. Mzee Ezironi mwenyewe alikuzwa na mama muuza maharagwe. Alitazama dirisha, alitazama hema uani, kisha alisukuma ufunguo mezani kwa kidole kimoja mpaka ukafika kwa Tabisa.

"Mpaka saa kumi," alisema. "Na ikiwa umetuaibisha bure, usirudi kesho."

"Sawa, mzee."

Alichukua terabaiti moja ya karatasi, za Kakule na wenzake za mwaka uliopita, akaanza kuzihamisha saa tatu asubuhi. Mashine ya zamani ilizitoa kwa kulalamika; ile mpya ilizipokea bila sauti. Bright alikaa kwenye kiti anapangusa viatu. Nilimpelekea chakula, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nilimpa sombe na maharagwe, na naungama kwamba nilifanya kusudi.

Saa nane kasoro, Tabisa aliwaita wote. Terabaiti moja ya karatasi zetu ilikuwa imekaa kama terabaiti moja, pungufu kidogo tu, kama konzi la maharagwe. Nne kwa moja haikuwepo. Kumi na tano zilikuwa kumi na tano, na kumbukumbu zetu thelathini na nane zingekosa mahali pa kulala kabla hatujafika nusu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Ezironi aliuliza, "Kwa hiyo tulichagua vibaya?"

"Hapana, mzee. Tazama." Tabisa alimwita Kakule dirishani, akataja lori lake la mwaka jana, na karatasi ikatokea kabla Kakule hajamaliza kusema bonzuu, salamu ya kwao. "Mashine ni nzuri. Debe lake ndilo limeandikwa uongo. Waandike kumi na tano na kupunguza bei, au walete flashi za kujaza mpaka arobaini na tano, kwa bei ile ile tuliyoahidiwa sitini. Nafasi zipo wazi, ndiyo maana nilichagua hii. Wakikataa, waichukue na hema lake."

Bright alitoka nje kupiga simu muda mrefu sana. Hema lilikunjwa Alhamisi, padri akaambiwa asije. Mzee Ezironi hakumsalimia Tabisa wiki tatu. Tabisa alimsalimia kila asubuhi, kwa magoti, kama tunavyowasalimu wazee, kisha aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Wiki ya nne Bright alirudi, viatu vyeusi mara hii, na boksi la flashi. Alizichomeka moja moja, kioo kikaonyesha arobaini na tano kamili, bila maneno ya kubana. Akaweka karatasi mpya mezani, na kalamu juu yake.

"Tumemaliza, madam. Hata wewe umeona mwenyewe tukizichomeka."

Tabisa alikaa, akafungua daftari lake, akavuta kibodi karibu.

"Nimeona ukizichomeka," alisema. "Mama Alisi, mletee ndugu yetu chai, atakaa siku nyingi kidogo. Ndugu Bright, zote thelathini na nane. Mwaga."

Mzee Ezironi alikuwa amesimama mlangoni. Alivua viatu, akaingia, akavuta kiti akakaa kuangalia.