Nani Anamjua Huyu?

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, tuliandikishwa shule kwa midomo ya mama zetu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wakubwa. Januari ikifika tulipakwa mafuta ya kupikia mpaka vumbi likatuganda miguuni, tukapelekwa shule iliyokuwa nyuma ya nyumba zetu. Ilikuwa ya watoto wa landhi pekee, na mwalimu mkuu alisimama langoni akimshika kila mgeni bega. "Nani anamjua huyu?" Mama yeyote akijibu, "Ni wa kwetu," basi, mtoto ameingia.

Mwaka mmoja binamu yangu Wafula alikuja kukaa kwetu kutoka Longonot baada ya mamake kufariki. Siku ya kuandikishwa mama yangu alikuwa kitandani na malaria, kwa hivyo Wafula alipelekwa na jirani yetu Mama Rehema, Mwislamu mwenye asili ya Pwani, na buibui lake.

"Nani anamjua huyu?"

"Mwanangu huyo, mwalimu. Aitwa Wafula."

Mwalimu mkuu alimtazama Mama Rehema, akamtazama Wafula, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika jina hilo la watu wa bara. Hakuna aliyedanganywa pale. Alichotaka kujua ni kama mtoto ana mtu, na mtu alikuwa mbele yake. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka blada, kamba ya mpira, na njaa ikiuma tuliingia nyumba yoyote iliyonukia: kwa Mama Rehema mahamri, kwetu ugali na omena. Ukikosea ulichapwa na aliyekuwa karibu, halafu ukifika kwenu unaongezwa. Mama alikuwa akisema, "Fimbo ya kwanza ni ya jirani, yangu ni ya kumalizia."

Januari hii nilimpeleka mjukuu wangu Nekesa shule hiyo hiyo. Mamake anafanya kazi shamba la maua upande wa Ndabibi, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na mtoto wa gredi ya pili anajilinda mwenyewe. Nilitaka ahamie kwangu. Karani, kijana mwenye heshima lakini asiyeinua macho kutoka kwenye kompyuta, akaniambia, "Mathe, transfer ya mtoto iko sawa. Shida ni wewe. Nitajuaje unaishi hapa?" Bili yangu ya stima ina jina la mwenye nyumba. Nikatumwa kwa mzee wa mtaa aniandikie barua, naye akataka kwanza majirani wawili wanaonijua. Nafasi ilikuwa moja tu, mwisho Ijumaa.

Siku hizi naishi kwenye ghorofa karibu na shule hiyo, na nimekaa humo miaka mingi. Mlango wa kwanza nilijibiwa kupitia dirishani, "Pole mathe, mimi sijuani na watu wa hapa." Wa pili alifungua binti mwenye visikizi masikioni. "Nakuonanga tu kwa stairs. Siwezi sign kitu sijui." Vijana wetu hawa wana marafiki mpaka Marekani, wa mlango wa pili hawamjui! Lakini ningewalaumu vipi? Mimi mwenyewe jirani yangu mmoja humwita 'yule wa gari jeupe', jina lake silijui. Ijumaa ikapita, nafasi akapewa mwingine.

"Kukhu," Nekesa aliniuliza tukishuka ngazi, kwa vile hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, "kwani hapa hakuna mtu anatujua?"

Niliona aibu, na nilizililia zile landhi kama mtu aliyefiwa. Tulikuwa na choo kimoja watu wote, mfereji mmoja, na kelele usiku kucha, lakini hakuna mtoto aliyekosa mtu wa kumsemea. Leo kila mmoja ana choo chake.

Jumamosi nilimrudisha Ndabibi. Mamake alikuwa kazini. Nilimpikia uji, nikampa ufunguo, nikamfundisha kujifungia kwa ndani. Nilisimama nje mpaka nikasikia komeo, ndipo nikaondoka.