Nimemwombea kaka geji ya pili

Leo nimebishana na kaka yangu katikati ya sala.

Kaka Nestori ni mzamiaji Kigoma, anakagua nguzo za gati chini ya maji. Asubuhi alitupigia simu kwa furaha. Amepata kompyuta ya kuvaa mkononi, inayomwonyesha hewa iliyobaki kwenye mtungi bila waya wala bomba.

"Ile geji ya zamani, ya bomba la kupimia hewa, nimeing'oa. Ilikuwa inaning'inia tu."

Nikamuuliza, mawasiliano ya mtungi na hiyo kompyuta yakikatika huko chini?

"Juzi yalikatika, yakarudi. Wewe maji marefu umeyaona kwenye ndoo!"

Ni kweli, hata kuogelea sijui. Nimesoma tu kwamba wazamiaji wengi hubaki na geji ya bomba kama akiba.

Kwetu simu haikatwi bila sala, na leo mama alinipa mimi nisali. Simu ikiwa kwenye spika, nikafumba macho:

"Bwana, mkumbushe kaka arudishe geji yake kabla hajaingia majini leo."



Halafu kaka akacheka. "Amina, mchungaji. Haya, boti inanisubiri."

Akakata.

"Geji ndiyo nini?" mama akauliza.

Ningemweleza, asingekula mpaka kaka apige tena. Nikasema ni kifaa cha boti.

Sasa mama anaimba jikoni, na simu ya kaka haipatikani.

Mnaojua kuzamia, hiyo moja ya mkononi inatosha? Niambieni tu ukweli, ingawa kwa sasa sina njia ya kumfikishia.