Sinia Katika Riwaya ya Mfaransa

Miaka ile ya hamsini, padri aliyenifundisha Kifaransa kule Mbeya alinitwisha kazi: nichunguze riwaya ya mwandishi mmoja wa Ufaransa, bingwa wa mambo ya utu na wajibu wa binadamu, kisha niandike insha. Nikiandika vizuri, nakwenda chuo cha ualimu. Nikiboronga, narudi kwetu kulima viazi. Mimi na viazi hatujawahi kupatana.

Riwaya yenyewe alikuwa nayo mke wa mlowezi mmoja, mkulima wa tumbaku huko Iringa. Nikapanda lori, nikafika na vumbi hadi kwenye kope. Mama yule haazimishi vitabu. Nisomee pale pale barazani kwake, tena baraza ya nyuma, nikikalia debe, maana viti vina wenyewe. Haya bwana! Nikasoma habari za utu wa binadamu huku makalio yamekufa ganzi.

Kila alasiri alikuja kunihubiria kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Mutu yote iko sawasawa! Kitabu nasema hivyo!"

Na machozi yanamlengalenga, maskini.

Siku niliyofikia sura ya mwisho alifurahi kweli. Akapaza sauti, "Boi! Lete chai, kikombe mbili!"

Boi akatokea na sinia. Lo! Mzee wa Kihehe, mvi kichwa kizima, umri wa babu yangu. Kwetu mtoto hakai mzee akiwa amebeba kitu. Sikufikiri hata kidogo, nilishtukia nimesimama, kitabu nimekiacha juu ya debe, nimempokea sinia kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, macho yamemtoka.

"Kaa chini!" mama akafoka. "Hii iko boi!"

"Huyu ni mzee, mama."

"Boi!"

"Basi yeye akae kwenye debe, mimi nisimame."

Ulimi wangu huu! Mama alinyakua kitabu, akaingia ndani, akabamiza mlango. Mzee naye alinikasirikia. "Kijana, mbona unaniponza? Na chai yenyewe hujanywa!"

Nikarudi Mbeya bila sura ya mwisho. Insha ilidai nieleze mhusika mkuu anaishia vipi. Nikaandika kwamba anasimama mbele ya watu wote, anampokea mzee sinia.

Padri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Sinia! Kitabu kizima hakina sinia!"

"Pengine ndiyo maana yule mama hakukielewa, padri."

Akaacha kucheka. Akaniambia hawezi kutoa maksi kwa kitu ambacho hakimo kitabuni. Nafasi akapewa mwenzangu. Nililima viazi misimu miwili kabla ya kupata nafasi nyingine, nikivitukana kimoja kimoja. Lakini sinia lile, hata leo, ningelipokea.